Kutoka Noah kuja Vitz: funua kapeti la buti kabla ya kulipa

Nyumba yetu iko Chumbageni, Tanga mjini, na kwa miaka 11 uani palikaa Noah. Ilipeleka watoto shule, ikabeba maharusi wawili, ikabeba majirani kwenda kuzika Pangani. Sasa watoto wana miji yao. Tumebaki mimi, mzee wangu, yaani mume wangu, na mama mkwe, na gari la watu wanane linatoka asubuhi na mtu mmoja ndani. Mwaka jana tukaamua kushuka kwenye gari dogo. Nayaandika haya kwa wenzangu wanaotaka kufanya hivyo. Mengine yote tuliulizia kabla, isipokuwa tairi la tano, yaani spea, na hilo ndilo lililotulaza njiani. Kwa hiyo mtaniona nakaa sana kwenye spea. Nina sababu.

Kwanza: hesabu vichwa kwa daftari

Usiamue kwa kutazama viti. Weka daftari la shule kwenye droo ya dashibodi, na kila mnapotoka andika mlikokwenda, watu wangapi, mzigo gani. Fanya hivyo mwezi mzima, na mwezi huo usiwe wa Ramadhani wala wa likizo, kwa sababu miezi hiyo ina safari zake zisizofanana na nyingine.

Sisi tulipofunga hesabu, karibu kila safari ilikuwa ya mtu mmoja au wawili: sokoni, Bombo hospitali kwa kliniki ya mama mkwe, msikitini, shamba. Mara nne tu tulizidi watu watano, na zote zilikuwa shughuli: arusi, hitima, na mambo ya ukoo. Kwa siku nne za namna hiyo ni nafuu kukodi gari la jirani kuliko kulisha injini ya cc 2,000 mwezi mzima. Vitz tuliyoichukua ina cc 996, silinda tatu, na mafuta niliyokuwa nikiweka kwa wiki sasa yananipeleka hadi wiki ya pili inapokaribia kwisha.

Kama hesabu yenu inaonyesha mnazidi watano mara kadhaa kila wiki, acheni. Bakini na gari lenu, mlitengeneze vizuri.

Pili: mkalishe mzee wenu ndani yake

Hili hamtaambiwa na dalali. Noah ina mlango wa kuburuta na kiti kilicho sawa na kiuno. Mtu mwenye magoti mabovu anaingia kama anayekaa kitandani. Gari dogo ni chini. Kabla ya kununua tulimpeleka mama mkwe kwenye Vitz ya jirani, akajaribu kuingia na kutoka mara tatu. Tuligundua kwamba akikaa kwanza kwa ubavu, miguu ikiwa nje, kisha akageuka taratibu, haumii. Tukatandika mfuko wa nailoni juu ya kiti ili ageuke kwa kuteleza. Sasa hivi ndivyo anavyopanda, na kiti cha mbele ni chake; mimi nakaa nyuma.

Mzigo nao upimwe kwa mzigo wenyewe. Tulikwenda kutazama gari tukiwa na madumu mawili ya lita 20 na gunia tupu la machungwa, lile tunalojaza Muheza msimu ukifika. Viti vya nyuma vikilazwa vinaingia vyote. Bila kulaza, madumu tu.

Na njia zenu pia mzihesabu. Tanga mjini ni tambarare, gari la chini halipati shida ila siku za masika maji yanapofunika mashimo. Lakini kama shamba lenu liko njia ya Amani, kule juu kwenye mawe, msishuke hadi kwenye gari lenye tumbo karibu na ardhi. Litasuguliwa chini mpaka mlichukie.

Tatu: gari gani

Hapa sitakaa. Passo, Vitz, IST, Honda Fit, Nissan March, Mazda Demio: yote yamo barabarani kwetu. Tulichagua Toyota kwa sababu mafundi wa Tanga wanaijua kwa kugusa, na vipuri vyake vya mtumba vinapatikana bila kuagiza Dar es Salaam. Mwenye fundi wake anayemwamini kwa Nissan au Honda afuate fundi wake.

Nne: kagua kutu, kisha funua kapeti

Sisi watu wa pwani tunanunua gari pamoja na chumvi yake. Gari lililokaa mwambao miaka mingi linaliwa kuanzia chini. Piga magoti, pitisha mkono kwenye ukingo wa bodi ulio chini ya milango, mbele na nyuma. Hapo ndipo jeki inapokaa. Pakiwa na mapovu ya rangi, au ukigonga ukasikia sauti kama ya boksi badala ya chuma, siku ya pancha jeki itatoboa bodi na gari litashuka juu ya mguu wa mtu. Gari la namna hiyo tuliliona moja, limepakwa rangi linang'aa. Tuliliacha.

Baada ya hapo nenda nyuma, fungua buti, nyanyua kapeti na ubao wake. Mimi sikufanya hivyo. Nilitazama injini, nikatazama viti, nikasikiliza redio. Muuzaji aliniambia spea ipo, nami nikaona aibu kumwambia mtu mzima anionyeshe.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Muheza jioni. Tumeshakaribia Pongwe, kipande cha chuma kikakata tairi la mbele ubavuni. Mzee akafungua buti. Chini ya kapeti kulikuwa na kitako cha foamu nyeupe, na ndani yake pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba. Spea hakuna, na haijawahi kuwepo. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya karibuni yametoka kiwandani hivyo: badala ya tairi la tano wanaweka chupa na pampu, gari liwe jepesi. Tukasoma chupa, muda wake umekwisha miaka mitatu nyuma. Tukaimimina hivyo hivyo kwa kukosa la kufanya, ikatoka yote pale ilipokatika, nyeupe kama tui, ikamwagika kwenye vumbi.

Hata dawa ingekuwa mpya isingefaa. Inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara, tundu la milimita 4 hivi. Ubavu ukikatika, au tairi likitoka kwenye rimu, chupa haina kazi. Nalisema hili kwa sababu wauzaji wanaitaja chupa kana kwamba ni spea.

Kijana wa bajaji alisimama akatusaidia, Mungu amjalie. Jeki tuliyokuwa nayo ni ya Noah, mzee aliihamisha kwa kuona kubwa ni bora. Gari likiwa limelala kwa tairi lililoisha upepo, jeki ile haikuingia chini yake. Ilibidi kijana achimbe kwa panga. Gurudumu likapelekwa Ngamiani mjini, rimu ikarudi na tairi la mtumba juu yake, na mama mkwe amekaa ndani ya gari gizani kwa muda wa karibu saa tatu, dawa zake za usiku ziko nyumbani.

Kwa hiyo kapeti lifunuliwe mchana, mbele ya muuzaji, kabla ya pesa kutoka. Kama hamna spea, gari si lazima uliache. Bei ishuke kwa gharama ya tairi, rimu, jeki na spana, na ujue kazi iliyo mbele yako.

Tano: kuitafuta spea yenyewe

Asubuhi yake mzee alisema, "Si tunayo spea ya Noah?" Tukaiviringisha hadi kwenye Vitz. Noah ina matundu matano ya stadi, zile boliti zinazopokea nati, Vitz ina manne. Hapo tukaanza kujifunza, na aliyetufundisha ni fundi pancha wa Ngamiani, mtu mzima mwenye subira, aliyekataa kutuuzia rimu mpaka gari lenyewe lifike kibandani kwake. "Bi mkubwa, sikukisii," aliniambia. "Lete gari, tupime."

Alipima vitu hivi, na nyie vipimeni kwa mpangilio wake.

Ukubwa wa tairi. Soma ubavuni mwa tairi lililo kwenye gari, na ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Letu limeandikwa 165/70R14. Namba ya kwanza ni upana, milimita 165. Ya pili ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 115.5. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Zidisha kimo mara mbili, ongeza rimu: tairi zima lina kipenyo cha milimita 586.6.

Kwa nini nahesabu? Kwa sababu kwenye mtumba hutapata daima namba ile ile, na mtu atakwambia "hii inaingia, mama". Tuliletewa tairi la IST, 185/65R15, likiwa kwenye rimu ya matundu manne kama yetu. Linaingia kweli. Lakini kipenyo chake ni milimita 621.5, limezidi la kwetu kwa karibu sentimita 3.5. Gari litakaa upande, na likifungwa mbele, kwenye magurudumu yanayovuta, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, itazunguka kwa kulazimishwa njia nzima. Tukaletewa jingine, 175/65R14. Pigeni hesabu wenyewe: milimita 583.1. Tofauti na la kwetu ni milimita 3.5. Yaani moja limezidi kwa sentimita 3.5, jingine limepungua kwa milimita 3.5, na kwa macho yangu yalikuwa ndugu wawili. Tulichukua hilo la pili. Kwa spea, mimi sikubali tofauti inayozidi sentimita moja.

Matundu ya stadi. Kwa rimu ya matundu manne kipimo ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama ng'ambo. Vitz, Passo, IST za toleo la kwanza, Fit, March na Demio zote ni milimita 100. Noah ni matundu matano ya 114.3. IST zilizofuata baadaye zina matundu matano pia, kwa hiyo neno "rimu ya IST" peke yake halitoshi. Ulizia matundu mangapi, kisha upime.

Tundu la katikati. Hili ndilo linalowapita wengi. Gurudumu hukalia habu, kile kitovu cha chuma linapofungwa, kwa tundu la katikati, na stadi zinalishika. Toyota hizi ndogo na Demio ni milimita 54.1, Honda Fit ni 56.1, Nissan March ni 60.1. Maana yake rimu ya Vitz haipandi kabisa kwenye habu ya March, tundu ni dogo. Rimu ya March itapanda kwenye Vitz, lakini itabaki na nafasi katikati, itakaa kwa kuning'inia kwenye nati, na usukani utatetemeka. Kwa kufika kwa fundi pancha wa karibu utafika. Kuinunua makusudi iwe spea yako, sikushauri.

Breki. Rimu ya inchi 13 inaweza kuwa na tairi la kipenyo kinachokaribiana na letu, kwa mfano 155/80R13 ambalo ni milimita 578.2. Lakini rimu ndogo inaweza kugonga kalipa, yaani kile kinachobana diski ya breki ya mbele. Ndiyo maana fundi wetu alitaka gari lenyewe: alilifunga gurudumu mbele, akalizungusha kwa mkono, akakata usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, akasikiliza. Kisha akalifunga nyuma, akafanya vile vile. Fundi akikuambia "nyuma imekubali, mbele itakubali", mwombe kwa adabu afunge na mbele.

Nati. Toyota zinatumia nati ya milimita 12 yenye hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya 1.5, na spana yake ni ya 21. Nissan ni milimita 12 pia, ila hatua ni 1.25, ukiilazimisha unaua uzi wa stadi. Honda nati zake zina kitako cha mviringo, za Toyota za rimu ya chuma zina kitako cha koni. Na kama gari lenu lina rimu za sporti, nati zake huenda zina shingo na pete ya washa, hazikukusudiwa kubana rimu ya chuma. Nunua nati nne za koni, zifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, zikae ndani ya rimu ya spea. Nati ianze kwa vidole, iingie mizunguko sita au zaidi kabla ya kushika. Ikikataa mapema, simama.

Umri. Tafuta maandishi DOT ubavuni, na mwisho wake namba nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanaweka miaka 10 kuwa mwisho wa tairi, hata spea isiyowahi kugusa barabara, kwa sababu mpira unazeeka wenyewe. Jua letu linauzeesha haraka zaidi. Tairi la mtumba likiwa na meno mazuri na namba ya zamani, angalia ubavu kwa kuubonyeza: mipasuko midogo kama ya kisigino kikavu ni dalili ya kuliacha. Meno nayo yasiwe yamefika kwenye vile vidaraja vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Vidaraja hivyo vimewekwa milimita 1.6, na tairi lililovifikia limekwisha.

Sita: spea kamili au tempa

Tempa ni lile tairi jembamba la muda, ambalo baadhi ya magari haya huja nalo. Utalijua kwa herufi T mwanzo wa namba zake, kwa mfano T125/70D15. Ni jepesi, linakaa vizuri chini ya kapeti, na si baya. Ubaya ni kutolijua. Upepo wake ni kPa 420, kwenye mashine za kwetu zinazosoma psi ni 60, wakati matairi ya kawaida ya Vitz hujazwa 32 hivi. Fundi pancha asiyejua atajaza 32 kama mengine, na siku ukilifunga litabonyea kama chapati. Niliona tempa ambayo mwenyewe ameandika 60 kwa rangi nyeupe kwenye rimu, nami nawashauri mfanye hivyo. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na safari ni ya kufika kwa fundi, si ya kumaliza wiki.

Jambo jingine la tempa: Vitz na wenzake wanavutwa na magurudumu ya mbele. Tairi la mbele likipasuka, usifunge tempa mbele. Toa tairi zima la nyuma ulihamishie mbele, tempa ikae nyuma. Ni kazi ya kunyanyua gari mara mbili, najua, na mvua ikiwa inanyesha utatamani kuiacha.

Uamuzi wangu ni huu. Anayezunguka Ngamiani, Chuda, Raskazone na Mikanjuni tu, tempa inamtosha. Fundi pancha hayuko mbali. Anayetoka kwenda Segera, Horohoro au Pangani, tena na mgonjwa au mzee ndani, achukue tairi kamili. Sisi tulichukua kamili.

Saba: mahali pa kuiweka

Tulipotoa foamu, shimo la chini ya buti lilipokea tairi letu, ila lilibaki limechomoza juu kidogo, ubao wa kapeti ukawa haulali. Wengi hapo huamua kuitupa spea juu ya kapeti au nyuma ya kiti. Tafadhali msifanye hivyo. Gurudumu la chuma na tairi lake ni kilo kumi na kitu. Gari likisimama ghafla, linakuja mbele kwenye migongo ya waliokaa nyuma, na nyuma ndipo wanapokaa wajukuu zetu wakija.

Tulimwita seremala akatengeneza fremu ya mbao kuzunguka shimo, ikanyanyua ubao hadi kimo cha tairi, akaweka plaiwudi juu na kapeti lile lile. Buti limepungua kina, madumu bado yanaingia. Katikati ya shimo kuna tundu lenye uzi wa boliti ya kubania spea. Boliti yenyewe haikuwepo. Tuliipata kwenye duka la vipuri vya mtumba, ndefu yenye kichwa cha kushika kwa mkono. Kwenye pembe zilizobaki, seremala alipatengea jeki, spana, pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto, kila kimoja kimefungwa kwa mkanda kisipige kelele.

Jeki iwe ya gari hilo hilo au ya jamii yake, fupi ikifungwa. Ijaribu na tairi likiwa limetolewa upepo. Ikiingia hapo, itaingia popote.

Nane: fungueni tairi uani

Kila anayeendesha afungue na kufunga tairi moja nyumbani, peke yake. Sisi tulifanya Jumapili. Handibreki juu, gia kwenye P, jiwe kubwa nyuma ya tairi la upande wa pili. Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini. Ukisubiri linyanyuke, gurudumu litazunguka na wewe. Nyanyua, toa, weka, kaza kwa mkono, shusha, ndipo ukaze kwa nguvu kwa kuvuka: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Ukitembea kilomita 50 hivi, rudia kuzikaza.

Mimi sikuweza kulegeza hata nati moja. Zilikazwa na mashine ya upepo, na spana iliyokuja na gari ni fupi kama mwiko. Tulinunua spana ya mkono mrefu, na sasa nalegeza zote kwa kuegemea. Dada zangu, msikubali kuambiwa hii si kazi yenu. Ni urefu wa chuma tu.

Tisa: kuiaga Noah

Msiziache gari mbili zikakaa uani kwa kusubiri bei nzuri. Noah zinatafutwa na wanaobeba abiria, iuzeni ikiwa inatembea.

Spea yake iende nayo. Sasa mnajua kwamba haiwafai kitu, na mnunuzi ana haki ya kuikuta. Yetu ilikuwa imening'inia chini ya tumbo, nyuma, kwa mnyororo, na upepo wa bahari ulikuwa umeushika. Siku mnunuzi alipotaka kuiona, haikushuka. Tuliipaka mafuta siku mbili, fundi akaizungusha taratibu mpaka ikaachia. Ishusheni mapema, na muuoshe mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi. Toeni pia vitu vyenu vyote. Chini ya kiti cha nyuma nilikuta kiatu cha mwanangu wa mwisho cha darasa la pili.

Makaratasi: mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili, na kadi ya gari. Uhamisho wa umiliki unafanyika TRA, mamlaka ya mapato, na ufuatilieni mpaka jina libadilike. Gari lililobaki kwa jina lenu ni lenu siku likigonga mtu. Kabla ya kukabidhi, angalieni kwa namba ya gari kama lina faini za barabarani au deni la maegesho, na kwa lile mnalonunua fanyeni vile vile. Bima nayo haihami yenyewe kwa kuwa gari limehama. Nendeni kwa aliyewakatia.

Kumi: upepo wa spea, kila mwezi

Spea iliyosahauliwa ni sawa na chupa ile iliyokwisha muda. Tairi lililokaa tu linapungua upepo kidogo kidogo, na huwezi kuliona kwa kuwa liko chini ya kapeti. Yetu, kwa kuwa ni kamili, tunaijaza 36, zaidi kidogo ya mengine, kwa sababu kupunguza njiani ni rahisi na kuongeza hakuna pampu. Ingawa pampu ile ndogo ya umeme tumeihifadhi. Chupa tulitupa, pampu inafanya kazi.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, mzee akitoka kuswali, hupita Ngamiani kwa yule fundi na kumwambia apime matano. Vijana wengine pale humuuliza, "Babu, gari lina matairi manne, la tano lipi?" Yeye hufungua buti akawaonyesha. Mwezi uliopita lilikutwa na 27, kumbe valvu ilikuwa inapumua. Fundi akabadilisha valvu, akapaka mate juu yake, akatazama kama kuna povu, akalirudisha shimoni na kukaza boliti.